Barua ya malalamiko: kamera zisizofunguka kwenye kompyuta, na maneno niliyoambiwa kaunta kwenu

Nyegezi, Mwanza

Meneja,
Tawi la Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAMERA ZA ULINZI NA LUGHA YA MTUMISHI WENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Risiti ya EFD na kadi ya waranti nimeviambatanisha. Masharti mnayajua, mmeyaandika wenyewe, sitayarudia.

Kamera zinarekodi, hilo sibishi. Ninacholalamikia ni kwamba mliniuzia mkiniahidi kuwa rekodi za nyuma nitazitazama na kuzipakua kwenye kompyuta ya nyumbani. Nikifungua ukurasa wa boksi la kurekodia na kuingiza nywila, unatokea ujumbe wa kunitaka nipakue plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea kivinjari uwezo. Napakua, nasakinisha, nafunga kivinjari, nafungua tena, ujumbe ni uleule. Chrome hivyo, Firefox hivyo. Nikawapigia simu, mkaniambia nijaribu kivinjari kingine. Nikaja mwenyewe.

Kijana wenu wa kaunta hata hakuigusa kompyuta. Aliitazama, akaitazama kanga niliyoifungia, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Mama, hii ni kompyuta, siyo kichanja cha dagaa. Mwachie mwanao." Wateja wakacheka. Naye akacheka.

Sasa niwaeleze alichotakiwa kunieleza yeye. Plagini ya boksi lenu ni ya ActiveX, teknolojia iliyotengenezwa kwa ajili ya Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, na Microsoft iliistaafisha Internet Explorer 11 tarehe 15 Juni 2022. Chrome iliacha kupokea plagini za mtindo wa zamani tangu 2015, Firefox nayo ikazifunga mwaka 2017, ikabakiza Flash peke yake kwa muda, ile plagini ya Adobe ya video na michezo. Kwa hiyo kuniambia nibadilishe kivinjari, bila kunitajia kipi wala namna ya kukipanga, ilikuwa kunizungusha. Kwa kubahatisha nisingefanikiwa hata ningejaribu mwaka mzima, na muuzaji wa vifaa hivi anapaswa kuyajua haya kabla hajapokea pesa ya mtu.

Na fundi mliyemtuma nyumbani alifanya vibaya zaidi. Alizima antivairasi, akaingia kwenye tovuti asiyoijua yeye wala mimi, akapakua kitu kilichoandikwa Flash Player. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 Flash yenyewe ikakataa kufungua kitu chochote. Alikwenda kutafuta nini? Akaondoka bila kuiwasha antivairasi. Tangu hapo kompyuta inajifungulia matangazo ya kamari, na ndiyo kompyuta ninayotunzia hesabu za biashara na namba za wateja wangu.

Aliyenisaidia ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT aliyepanga jirani. Alifungua Edge, kivinjari cha sasa cha Microsoft, akaingia kwenye mipangilio, akaruhusu kurasa zifunguliwe kwa hali ya Internet Explorer, akaiwasha upya, akaufungua ukurasa wa boksi kwa hali hiyo, akaikubali plagini. Picha zikaja. Akanielekeza pia kwamba Edge huukumbuka ukurasa ulioongezwa hivyo kwa siku 30 tu, kisha unauongeza upya. Hakuchukua muda mrefu, na hakunidharau. Lakini usiku niliokuwa nautafuta haukuwemo tena.

Narudi kwenye siku ile ya kaunta, maana sijawaambia nilikuwa natoka wapi. Usiku wa kuamkia siku hiyo stoo yangu ilivunjwa, yakachukuliwa magunia ya dagaa wa Ukerewe niliyokuwa niyapeleke soko la Mwaloni asubuhi. Polisi wakaniambia lete rekodi. Nikatoka kituoni moja kwa moja kuja kwenu, kompyuta nimeifunga kwenye kanga kwa sababu ya manyunyu. Nilimwambia kijana wenu, tena kwa upole: "Mwanangu, nimeibiwa, polisi wanataka rekodi." Alisikia. Ndipo akanijibu kwamba hii ni kompyuta, siyo kichanja cha dagaa. Mtu aliyeibiwa dagaa usiku huohuo! Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni ndiye aliyemkemea. Msimamizi wenu alikuwa amesimama nyuma ya kijana huyo, akainamia simu yake.

Boksi lile lina tundu la flashi, ile ya USB ya kubebea mafaili. Mtumishi anayeijua kazi yake angechomeka flashi, akainakili rekodi hapohapo kwenye boksi, bila kivinjari wala plagini. Hakuna aliyelisema hilo kwenu. Mmenizungusha mpaka diski ikajaa, na ikijaa hufuta za zamani iandike mpya. Ushahidi wangu umefutika hivyo.

Nilipoanza kuandika nilitaka tu mnibadilishie boksi hili kwa linalofunguka kwenye vivinjari vya sasa bila plagini. Sasa hilo halinitoshi. Nataka fundi anayejua aje aisafishe kompyuta yangu kwa gharama zenu. Nataka barua ya kuniomba radhi, iliyosainiwa na wewe Meneja pamoja na kijana yule, siyo ujumbe wa simu. Na kwa kuwa rekodi imepotea mikononi mwenu, sioni kwa nini nibaki na kamera zenu kabisa: rudisheni fedha zote, pamoja na za ufungaji, mje mng'oe vitu vyenu.

Nawapa siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, napeleka malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Suala la fundi wenu kuiacha kompyuta yenye taarifa za wateja wangu bila kinga nitalifikisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na thamani ya magunia yangu nitaidai mahakamani. Mzee yule wa kwenye foleni amekubali kuwa shahidi. Wenzangu wa Mwaloni wanaotaka kufunga kamera ni wengi, na kila mmoja atasomewa barua hii.

Nasubiri majibu kwa maandishi.

Mteja wenu,
Mfanyabiashara wa dagaa, Nyegezi

Viambatanisho: nakala ya risiti, kadi ya waranti, picha ya ujumbe wa plagini.