Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kipimo cha Glavu

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako, na najua umeumia moyo kwa kuwa nilizifumua zile glavu za mpigaji wa kriketi ulizozishona kwa siku nne. Mishono yako ilikuwa mizuri, tena imenyooka kuliko yangu nilipokuwa na umri wako. Kosa lilikuwa katika kipimo: ulimpima mpigaji akiwa amekitandaza kiganja mezani, ilhali uwanjani vidole vyake huwa vimekunjwa kwenye mpini wa gongo.

Mpira wa kriketi una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, ni ngozi ngumu juu ya kiini cha koki, na mrushaji wa kasi anaweza kuurusha kwa zaidi ya kilomita 140 kwa saa, hivyo humfikia mpigaji katika muda wa takriban nusu sekunde. Ukimpata kidoleni, kidole hubanwa kati yake na mpini, hakina pa kukimbilia. Kwa anayepiga kwa kulia, kilicho hatarini zaidi ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia, maana ndio unaoshika chini. Kwa wa kushoto, mambo hugeuka. Kwa hiyo mpe gongo lake mwenyewe, alishike kama anavyousubiri mpira, ndipo utie alama kwenye kila kiungo, na sponji ngumu uikate ili ipinde palepale kiungo kinapopinda. Ikizidi unene, mkono hauuhisi mpini, naye atazirudisha glavu au, vibaya zaidi, atacheza nazo hivyo hivyo.

Usidhani huu ni ukali wa uzee. Mwaka 2014 Phillip Hughes, mpigaji wa Australia, alipigwa na mpira shingoni, chini ya helmeti, mahali ambapo kinga yake haikufika, akafariki siku 2 baadaye. Siku ile sikushika mkasi. Tangu hapo, kila ninapomaliza kinga yoyote, humwomba mchezaji ainame, ageuke, ajipinde kama anayekwepa, nami natazama ni wapi mwili unaachwa wazi.

Glavu zimo kabatini, vipande vyote vipo. Mwenyewe atakuja tena wiki ijayo, utakapokuwa umerudi. Utampima wewe, nami nitaandika vipimo.

Akupendaye,
Baba yako