Muulizeni mama anakunywa nini nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu, na kama barua ni ndefu kateni tu ila msikate pale pa manesi.

Kila ikifika tarehe 31 Agosti, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika ambayo inaadhimishwa tangu 2003, nasoma mabishano yale yale, huyu anasema mitishamba ni hazina ya mababu, yule anasema ni utapeli mtupu wananchi waende hospitali. Sasa mimi nauliza, hao wa upande mmoja wanaishi wapi? Maana huku kwetu Muheza karibu kila nyumba ninayoijua asubuhi inameza vidonge na jioni inachemsha majani. Hatujachagua upande. Tunatumia vyote viwili ila tunavitumia kwa kufichaficha, na huko kuficha ndiko kulikotaka kuniulia mama.

Mama yangu ana miaka 67, ana sukari na presha, anahudhuria kliniki vizuri na vidonge vya sukari anavyo vya aina mbili. Mwaka jana akapita stendi akamkuta bwana mmoja ana spika na meza ya chupa, dawa ya sukari inasafisha kongosho, chupa elfu kumi na tano. Akanunua. Hakuulizwa anatumia dawa gani nyingine, aliambiwa tu nusu glasi mara tatu, na yeye akawa anakunywa juu ya vidonge vyake vile vile, kwa akili ya kwamba mbili zikisaidiana si ndo atapona haraka.

Siku ya tatu jioni akaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki, akawa ananiita kwa jina la dada yake ambaye ni marehemu. Jirani akasema huyu kapandisha mtafutieni ubani. Mimi nikasema ubani baadaye, tukampakia kwenye bodaboda mshikaki, mama katikati mimi nyuma nimemshika, mpaka hospitali. Kupima sukari 1.9, imeshuka mno. Wakamwekea dripu ya sukari akafumbua macho, tukashukuru. Nesi akauliza mama amekula nini, amekunywa nini leo? Mama kimya. Na mimi, nasema ukweli, kimya, na chupa naijua iko chini ya kitanda.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu wiki chache nyuma tukiwa kwenye benchi pale pale mama mmoja alitoa kichupa chake akidhani anasaidia, akasemwa mbele ya watu wote, kwa sauti, rudi basi kwa mganga wako unatujazia foleni ya nini. Watu wakacheka. Mtu mzima akajikunyata akafunga kanga yake akaondoka. Ukishaona hivyo na wewe unatoa kichupa? Thubutu.

Basi saa nane usiku sukari ikashuka tena, na dripu ipo. Daktari wa zamu kijana mdogo tu, akakaa kwenye kitanda, akasema bibi mi sikugombezi, hata bibi yangu anatumia, niambie tu nijue namna ya kukusaidia. Mama akasema mwanangu iko chupa. Ndo yule daktari akatueleza kwamba kuna dawa za sukari zinakaa mwilini muda mrefu, dripu ikiisha zinashusha tena, kwa hiyo mgonjwa haruhusiwi kurudi nyumbani hata akijisikia mzima, anaangaliwa mpaka ziishe. Sisi asubuhi ile tulikuwa tuombe ruhusa tuondoke! Kwa kukaa kwetu kimya tungerudi naye nyumbani akalale asiamke.

Kwenye ile chupa kulikuwa na nini, haikupimwa. Lakini mambo ya chupa za namna hii yapo dunia nzima. Singapore mwaka 2008 watu 150 ambao hata sukari hawaumwi walilazwa kwa sababu sukari imeshuka ghafla, wanne wakafa, na baadhi yao walikiri kwamba walitumia dawa za nguvu za kiume za mitaani, nyingine zinaitwa za mitishamba, kumbe ndani kuna glibenclamide, kidonge kile kile cha sukari cha hospitali. Kwa hiyo vijana wanaonunua ule unga wa nguvu za kiume wajue kinachofanya kazi mara nyingi sio mti, ni kidonge cha hospitali cha nguvu za kiume kimesagwa, na anayetumia dawa za moyo ndo anajiua kabisa.

Halafu kuna hii kauli nimechoka nayo, "dawa ya mti haina madhara". Jamani sisi ni watu wa Muheza, kijiji cha Amani kiko hapo juu milimani, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902 wakapanda mikwinini, na vita ya kwanza ya dunia ilipowabana dawa hazifiki kutoka Ulaya wakatengeneza kwinini yao, dawa ya malaria, huko huko kwa magome. Kwinini ni mti. Na aliyewahi kunywa kwinini anajua masikio yanavyovuma na kizunguzungu chake, na ikizidi dozi inaua. Mti ukiwa na nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru pia, usiokuwa na madhara kabisa labda ni kwa sababu hauna dawa ndani. Mwarobaini tunaousifu kwa maradhi arobaini, mafuta yake yakinyweshwa mtoto mchanga ni sumu, na majani yake yanaweza kushusha sukari, sasa weka na vidonge vya mama yangu hapo.

Na msinielewe vibaya, mimi sio mpinzani wa mitishamba. Dawa ya mseto ya malaria tunayomeza wote ndani ina dawa iliyotokana na mmea wa artemisia, na aliyeigundua hiyo ya artemisia, mama wa Kichina Tu Youyou, alipata Nobel mwaka 2015. Alichonifurahisha mimi ni kwamba alisoma kitabu cha waganga wa zamani, cha miaka kama 1,600 iliyopita, akaona wao walikuwa wanaloweka majani kwenye maji na kuyakamua, hawachemshi, na yeye alikuwa anahangaika kwa sababu moto ulikuwa unaharibu dawa. Yaani mganga wa kale alikuwa sahihi mpaka kwenye sufuria. Lakini hiyo sio ruhusa ya mtu kuchemsha majani ya artemisia nyumbani akasema ametibu malaria, Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo, maana kikombe kimoja kina dawa nyingi kingine kidogo, na vijidudu vinavyopata dozi nusunusu vinajifunza usugu.

Sasa nije pale nilipowaomba msikate. Manesi wetu, dada zangu, mnafanya kazi ngumu najua. Ila pale wodi ya wazazi mnajua fika kwamba kuna wanawake wanakuja wameshanyweshwa dawa ya kuongeza uchungu nyumbani, na bibi au mama mkwe anamwambia usiseme. Asiposema, na nyie mkamwekea dripu ya uchungu juu yake, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, na hapo ni mama na mtoto. Huyo mkwe ana makosa ndio. Lakini na yule mwenzenu aliyemfokea wa kwanza mbele ya foleni ndo aliyewafundisha wa pili na wa tatu kufunga mdomo. Swali la "unatumia dawa gani nyingine, na ya kienyeji je?" liwe linaulizwa kwa kila mtu kama mnavyouliza umri, kwa sauti ya kawaida, na liandikwe kwenye daftari. Mgonjwa akiona anaulizwa kila mtu hatojiona mshamba.

Na waganga nao wasijifanye hawahusiki. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, Baraza lipo, mganga anatakiwa asajiliwe na dawa yake isajiliwe, kwa hiyo mteja ukiomba cheti sio dharau ni haki yako. Mimi kipimo changu kingine ni hiki, mtu anayesema chupa moja inatibu sukari, presha, uzazi, vidonda vya tumbo na mikosi, namuaga hapo hapo. Anayeniambia acha vidonge vya hospitali ndo kabisa. Tunakumbuka Loliondo 2011, yule Babu aliyekuwa anawanywesha watu dawa ya mti kwa maradhi sugu, kikombe shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, kuna watu walitoka wodini na dripu wakaenda na wengine wakafia njiani bado wanasubiri, na tuliosikia habari zile redioni tulikuwa tunajiuliza tu nauli tutaipata wapi. Na mimi nilijiuliza, sijitoi.

Wa hijama pia, yaani kuchanjwa na kunyonywa damu kwa kikombe, au kupiga chuku kama wazee wanavyoita, angalieni wembe. Mpya, unafunguliwa mbele yako, glavu mpya. Hilo halina mjadala.

Kwa mama yangu sasa hivi, daftari lake la kliniki ukurasa wa nyuma nimepiga mistari na rula nikaandika kila kitu anachotumia, vidonge upande mmoja, vya nyumbani upande wa pili, tangawizi kwenye chai, mlonge kijiko kimoja kwenye uji, habat soda alikuwa nayo kaiacha. Chupa ya stendi nimeiandika pia na tarehe. Mama alinuna, akasema unanianika kwa watu. Mwezi uliopita nesi mgeni alifungua daftari akaukuta ule ukurasa, akasoma wote taratibu mimi roho inadunda, akacheka, akasema mama yangu na yeye ni hivyo hivyo, halafu akamgeukia mama akamuuliza huo mlonge mnaanika juani au kivulini.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Muheza, Tanga