Dada, usiku ule wa Bordeaux ulijua

Shikamoo Dada,

Simu zangu hupokei, na ujumbe unasoma hujibu. Nakuandikia hapa kwa sababu najua utapita utasoma.

Kwanza shukrani, maana hatukulelewa kukosa adabu. Bordeaux ulinipeleka wewe. Treni ya kasi kutoka Paris, inayofika kwa saa mbili na dakika chache, ulilipa wewe. Hoteli wewe. Nilikuwa nimechoka, ukaniona kabla sijasema.

Na ilikuwa safari nzuri, ndiyo maana inaniuma. Tulivua viatu pale Miroir d'eau, maji ya sentimita mbili juu ya mawe meusi, majumba ya Place de la Bourse yamelala chini ya miguu yetu, na ukungu ulipopulizwa ghafla, wewe ukapiga yowe watu wakageuka. Sokoni Capucins tulikula chaza wa Arcachon kwa limau na mvinyo mweupe uliopoa, ukanicheka nilivyofumba macho kumeza. Zile keki za canelé, nje zimeungua kidogo, ndani laini, zinanukia vanila na ramu, ulinunua mfuko mzima ukasema ni za njiani, hazikufika hata kwenye tramu.

Tena ni wewe uliyenishika mkono kandokando ya mto Garonne tukasimama mbele ya sanamu ya Modeste Testas. Mzaliwa wa Afrika Mashariki, jina lake la kwao Al Pouessi, akatekwa, akanunuliwa na ndugu wawili wa Bordeaux, akavushwa bahari hadi Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Bordeaux ulitajirika kwa biashara hiyo ya watumwa, na sanamu yake imewekwa 2019 tu. Ukasema, "Huyu kwao hawakujua hata alikofia." Ulisema wewe, Dada. Jioni hiyohiyo.

Kisha tukaenda kula. Steki ya entrecôte, sosi ya mvinyo mwekundu, vitunguu vidogo na uboho. Ukaagiza chupa ya mvinyo wa Saint-Émilion, ukaanza kunifundisha: huko, ukingo wa kulia wa mto Dordogne, zabibu za Merlot ndizo nyingi, ndiyo maana mvinyo wake ni laini, wa Médoc, ukingo wa kushoto, una zabibu za Cabernet Sauvignon zaidi, huo ukiwa mchanga unakamata fizi kwa ukakasi. Nilikuwa nasikiliza kweli. Simu yako ikatetemeka mezani. Ukasoma. Ukaigeuza kifudifudi. Nikauliza nani, ukasema kazini.

Mhudumu akatumiminia tena. Nikainua glasi nikasema, "Kwa afya ya Shangazi."

Ukagonga glasi. Ukanywa.

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu ulishasoma kwamba Shangazi amefariki. Mengine yote nayaelewa. Ulitaka nilale usiku mmoja kwa amani. Ulipiga hesabu ya ndege, ukaona hata nikiondoka usiku ule, mazishi ni kesho yake na sitawahi. Najua pia ulilia, nilisikia maji ya bafuni yakitiririka muda mrefu mno kwa mtu anayenawa uso. Ulibeba peke yako, na kwa hilo nakuonea huruma. Lakini kugonga glasi, Dada? Ungeweza kuiacha mezani. Ungeweza kukohoa. Asubuhi yake ukanipandisha hadi juu Cité du Vin, lile jumba la makumbusho ya mvinyo, tukaonja mvinyo tukitazama mji, nami napiga picha nikisema nitamwonyesha. Ukaniacha niseme.

Siku nyingine ukipata habari ya msiba, usimpimie mwenzako uchungu. Mwambie, akae chini, alie, aamue mwenyewe. Mimi si mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia kila Jumapili, mimi ndiye niliyejua dawa zipi zinamkera tumbo, na wanaosema sikuja kumzika kwa sababu nilikuwa Ufaransa nanywa mvinyo, wewe unajua ukweli na mpaka leo hujawajibu. Umekaa nao matangani ukawaacha waongee. Sikwenda starehe nikamsahau. Sikuambiwa.

Nakupenda, na wanao wasalimie, mwambie mdogo picha ya kwenye maji nitamchapishia.

Nitumie ule ujumbe wa usiku ule kama ulivyo, na saa yake. Nataka kuona nani aliuandika, na kama alisema, "mwambie mdogo wako." Ukishautuma, pokea simu.