Kwa mdogo wangu, niliyekuita msaliti

Mdogo wangu,

Jana usiku nimeisikiliza Dookie, albamu ya Green Day, mwanzo hadi mwisho kwa hedifoni ulizoziacha, zile zinazolia upande mmoja. Nikakumbuka siku uliyosaini mkataba na lebo ya muziki. Nilisimama mlangoni, wenzako wote wanasikia, nikasema umejiuza. Kwa kuwa nilisema mbele za watu, na barua hii naiandika mbele za watu.

Kisa cha Green Day, bendi ya panki ya Marekani, unakijua kuliko mimi, ila mimi nilikuwa nakisimulia vibaya. Walikulia kimuziki Gilman, ukumbi wa Berkeley, California, ulioendeshwa na wapenzi wa panki wenyewe. Pale bendi iliyosaini na lebo kubwa ilikuwa haipandi jukwaani. Walipoondoka Lookout, lebo ndogo, wakaenda Reprise, lebo kubwa, mlango ukafungwa. Albamu ikatoka tarehe 1 Februari 1994, ikauza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake, ikachukua Grammy mwaka uliofuata. Nyumbani wakaitwa wasaliti. Mimi nilikuwa naishia hapo, kana kwamba mlango ukishafungwa basi aliye nje ndiye mwenye makosa.

Kilichomo ndani ya albamu sikuwahi kukitaja.

Wimbo wa "Basket Case" unaanza na mwimbaji wao, Billie Joe Armstrong, peke yake, nyuzi za gitaa amezibana kwa kiganja, kama mtu anayegonga kwa jirani usiku wa manane huku akiogopa kuamsha nyumba nzima. Karibu nusu dakika yuko hivyo, ndipo besi na dramu zinamfikia. Aliuandika kuhusu hofu iliyokuwa ikimvamia ghafla, kabla hajajua ugonjwa wenyewe unaitwaje. Wewe ulikuwa na miaka 16 ulipokaa kwenye ngazi za nyuma, mikono inatetemeka, ukaniambia moyo unataka kutoka. Nilikuletea maji ya sukari, sikuwa na kingine. Ukauweka wimbo huo, ukaurudia, ukaurudia, mpaka mabega yakashuka. Nani alikuwa amejiuza pale?

Tena walirekodi katika mji uleule uliowafungia mlango, kwenye studio ya Fantasy, na produsa Rob Cavallo. Miksi ya kwanza haikuwaridhisha, wakairudia. Sikiliza besi ya Mike Dirnt mwanzoni mwa "Longview", inavyojikokota juu ya dramu kama mchana usio na kazi wala nauli. Nyimbo mbili tatu za katikati bado naona zinafanana mno, hilo tutabishana. Lakini mtu asiyejali hafanyi kazi kwa namna ile.

Mei 2015 walipiga tena Gilman, onyesho la kuchangisha fedha. Ni zaidi ya miaka 20 tangu mlango ufungwe, mdogo wangu. Mimi na wewe tumeshamaliza miwili bila salamu, na naiona mirefu.

Wimbo wako mpya nimeusikia kwenye daladala, tukitoka Ubungo. Dereva aliongeza sauti. Ilipofika pale unapobaki peke yako kabla ya ngoma kuingia, nikapitilizwa kituo, wala sikumwita konda.

Nisamehe. Chumba chako hakijakaliwa na mtu, na ufunguo uko kwa mama.

Kaka yako