Barua kwa mwanangu kabla ya Jumamosi

Mwanangu,

Salamu zako dadako amenifikishia, pamoja na yale mengine uliyomwambia. Nimeona niandike, maana kwenye simu hungeniacha nifike mwisho.

Umemwambia aache sindano za sukari. Eti insulini ni kazi ya Ibilisi, na mkienda naye hiyo kambi ya maombi Jumamosi atafunga na atapona. Mwanangu, bila insulini mwili wa dadako hujitia sumu wenyewe kwa siku chache tu. Nesi wa kliniki alinieleza kwamba daktari mmoja, Banting, na wenzake waliipata dawa hiyo huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, kisha haki zake wakakiuzia chuo kikuu kwa dola 1 kila mmoja, wasitafute utajiri. Ibilisi ndiye hutenda hivyo?

Biblia unaijua kunishinda, nami najivunia mbele za watu. Basi rudi Yohana 9. Kipofu amefunguliwa macho, wazazi wake wapo, na watu wa dini wanasema aliyemponya hakutoka kwa Mungu kwa sababu haishiki sabato. Hawakuwa wapagani wale. Walifunga, walitoa zaka, torati waliijua. Wema ulisimama mbele yao ukiwatazama, wakamfukuza nje yule aliyeponywa. Na Yesu akawaambia dhambi yao inakaa kwa kuwa wanasema, "Twaona." Hapo ndipo ninapokuogopea.

Soma na Marko 3. Neno zito kuliko yote, la dhambi isiyosamehewa, hakuwatupia wezi wala makahaba. Alilisema kwa walimu wa dini walioona watu wakifunguliwa wakadai ni kazi ya Beelzebuli, mkuu wa pepo.

Jirani yetu wa chini hukumwitikia salamu juzi. Unasema ni wa giza, kwa sababu ya buibui lake. Usiku ule wa mvua unaujua, na gari lililotusaidia lilikuwa la nani unajua. Wewe ulikuwa kwenye mkesha. Sikulaumu kwa kuomba, nalaumu hicho kiburi ulichorudi nacho.

Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako mchungaji aliwaambia wafuasi wake wafunge hadi kufa, si mbali na sisi. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 msituni humo, watoto wengi, na wazazi waliowapeleka waliamini wanawapeleka kwa Yesu. Usiniambie mchungaji wenu si kama yule. Niambie, akikuambia umnyime dadako dawa, utamkatalia?

Baba yako alikuwa akisema tunawazoesha nyinyi kumtii kila anayeshika Biblia kwa sauti kubwa. Nilikuwa namnyamazisha. Siku hizi anakaa kimya mwenyewe, na chakula hali vizuri.

Dadako haendi kambini, hilo limekwisha. Wewe ni mtu mzima, siwezi kukufungia mlango, lakini naomba usiende. Nenda kanisani kwetu, funga ukitaka, huku anayeumwa akitumia dawa yake.

Friji yetu bado haijatengenezwa; fundi anataka pesa kwanza. Insulini iko kwa jirani, rafu ya juu. Ijumaa mimi niko zamu, kwa hiyo utakwenda wewe kuichukua. Ubishe hodi, umwamkie shikamoo kama ulivyolelewa. Mfereji umekauka tena, mwambie wa mkokoteni alete mitungi sita, pesa ziko kwenye kopo la majani ya chai.

Mamako