Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mbwa wanaelewa, wenye mbwa bado

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mbwa wa kuwinda, asalaam aleikum na habari zenu wote, wakubwa shikamooni. Taarifa hii ilitakiwa itoke wiki mbili zilizopita, katibu kanikumbusha mpaka kachoka, ila nilikuwa shifti za usiku mfululizo na nikifika nyumbani asubuhi mbwa wangu Shilingi kashasimama mlangoni na dami (kile kifurushi cha mazoezi cha kutupwa badala ya ndege) mdomoni, sasa hapo mtu unaandika saa ngapi. Nisameheni. Naandika kama ninavyoongea, anayetaka Kiswahili sanifu amuone katibu.

Mwaka huu tumepata wapya sita, wengi wa hapa hapa Minneapolis na Brooklyn Park, mmoja anaendesha gari kutoka Rochester kila Jumamosi, na nimesikia wote wanasumbuliwa na swali lile lile wakipiga simu nyumbani, mbwa wa nini huyo, wa ulinzi? Sio wa ulinzi. Wala sio wa maonyesho ya kuchanwa manyoya. Ni mbwa wa kazi zote: anamtafuta ndege kwenye nyasi, akimpata anaganda pale pale mpaka ufike, ndege akidondoka anamleta, nchi kavu au majini, na kama kajeruhiwa na kukimbia kwa miguu anafuata harufu mpaka anampata. Mambo haya yalianzia Ujerumani. Zamani kule kuwinda ni shughuli ya mabwana wakubwa, wana mbwa aina kwa aina, huyu wa kutafuta, huyu wa kuleta, huyu wa kufuata damu, afu baada ya mapinduzi ya 1848 haki ya kuwinda ikaenda kwa mwenye ardhi, na mtu mwenye kishamba chake hawezi kulisha mbwa kumi, anataka mmoja anayejua yote. Ndo tukapata aina hizi za mbwa, kina Drahthaar na Pudelpointer na wenzao. Huku Amerika Kaskazini NAVHDA, chama kinachowapima mbwa hawa wa kazi zote, ikaanzishwa 1969 kwa ajili yao, na kitu ninachokipenda kwenye mitihani yao ni kwamba mbwa wako hashindani na mbwa wa jirani, anapimwa kwa kiwango kilichowekwa. Wote mnaweza kufaulu, wote mnaweza kufeli.

Na sisi mwaka huu tulipeleka mbwa wanne. Watatu walikuwa watoto, mtihani wa kipaji, ule ambao mbwa akishapita miezi 16 hapokelewi tena kwa kupewa daraja. Mmoja alikuwa mkubwa, mtihani wa kazi kamili, na huyo ndo Shilingi wangu.

Niseme ya furaha kwanza. Yule mbwa mtoto wa aina ya Vizsla wa dada yetu muuguzi kachukua pointi zote 112 kati ya 112. Zote jamani! Nilikuwepo. Dakika 20 za uwanjani yule mtoto alikuwa kama anasoma kitabu, anakata upepo kushoto kulia bila kuambiwa, akamnusa kwale wa kwanza akaganda mguu mmoja juu, mkia umenyooka, na dada yetu akasahau kutembea, kasimama nyuma yake anaangalia mpaka jaji akamwambia endelea mama. Halafu kwenye kufuata harufu ya fezanti (ndege wa nyasini, jamii ya kuku), wanamnyofoa manyoya ya kurukia wanamwachia akimbie, mbwa hamuoni kabisa, mtoto akashusha pua akapita kwenye nyasi kwa mwendo wa taratibu, hakuinua kichwa hata mara moja. Na siri yake mnaijua? Hana siri. Dada huyu anaishi apatimenti, hana bwawa hana shamba, ila tangu papi ana wiki tisa alikuwa anampeleka kila siku kwenye nyasi ndefu amwache tu azurure atumie pua, bila amri, bila kelele. Basi. Wengine wetu wenye nafasi tulikuwa tunamwita mbwa kila dakika mbili.

Wa pili kafaulu daraja la tatu, tunashukuru. Wa tatu hakupata daraja, na mwenyewe kaniruhusu nieleze ili iwasaidie wengine. Mwanzoni mwa Mei, barafu ndo imeondoka juzi juzi, bwana huyu alikuwa na haraka ya mtihani akambeba papi akamtia ziwani kwa mikono. Kwa nia njema kabisa. Lakini fikiria wewe mwenyewe mtu akutie kwenye maji ya Minnesota mwezi wa tano, utarudi? Kwenye mtihani mtoto anatakiwa aogelee mara mbili kufuata dami. Mara ya kwanza kaenda kwa sababu anampenda baba yake, mara ya pili kafika maji ya magotini akakaa kitako akalia. Daraja likaishia pale, pamoja na kwamba uwanjani alikuwa mzuri sana. Mbwa anaanza maji yakiwa ya moto, Juni huko, sehemu yenye mteremko wa pole pole, wewe unavua viatu unaingia naye. Hakuna njia ya mkato.

Sasa tuje kwa mwenyekiti. Wengi mmekuwa mkinipa pole kwa adabu bila kuuliza, naomba niwaambie ilivyokuwa. Mtihani mkubwa jumla yake ni pointi 204, na kuna sehemu ya kumtafuta bata. Bata anaachiwa ndani ya matete, mbwa hamuoni, unapiga risasi moja kuelekea majini, unasema tafuta, umemaliza kazi yako. Majaji wanataka kuona dakika 10 za mbwa kutafuta mwenyewe. Shilingi kaingia majini kwa kishindo, watu wakaguna, kaogelea mpaka kichaka cha kwanza cha matete, kakizunguka, hola. Afu akageuka. Kichwa tu juu ya maji, masikio yanaelea kama majani ya yungiyungi, ananiangalia. Sio usoni. Ananiangalia mkono. Nikajua nimekwisha. Maana kiangazi chote nilikuwa namfundisha kwenye bwawa na kila akisita naokota jiwe natupa mbele yake, chubwi, anaenda, nami najisifu kwamba mbwa wangu anaenda mbali. Kumbe nilichomfundisha ni kwamba maji yakinyamaza rudi kwa baba, baba atatupa jiwe. Karudi ufukweni mara nne. Jaji mmoja, mzee mpole, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza habari za msiba, huwa unarusha mawe? Nikamwambia ndiyo mzee.

Kwa hiyo mwaka ujao kwenye mazoezi ya chama hakuna mtu kurusha jiwe. Tutaficha dami na bata waliokufa kwenye matete kabla mbwa hajashuka garini, ng'ambo ya bwawa, na mbwa aende akakute kitu huko peke yake, ajue kwamba mbali ndo kuna faida na mkono wa baba hauna kitu. Nimeanza na Shilingi tangu Septemba. Anaendelea vizuri ila bado ananikagua mkono.

La kola ya umeme, ile ya shingoni inayomshtua mbwa ukibonyeza rimoti, maana najua mnalisubiri. Mkutano wa Machi ulichafuka na mimi sikuuongoza vizuri, nakiri. Kuna wanaotaka tuipige marufuku na kuna wanaosema bila kola mbwa atapotelea South Dakota. Msimamo wangu ni huu, na kamati imekubali: kola sio mwalimu. Mbwa ambaye hajaelewa "njoo" akiwa kwenye kamba ndefu, ukimbana kwa umeme hajifunzi njoo, anajifunza kwamba uwanja unauma, na mbaya zaidi kama muda ule alikuwa ananusa ndege anajifunza kwamba ndege anauma. Tumempata mmoja wa hivyo mwaka huu, kila akinusa kwale anazunguka anaenda pembeni, na kumrudisha itachukua muda kuliko tungemfundisha toka mwanzo. Hivyo mazoezini kola haiwashwi mpaka mimi au mwalimu wetu tumemuona mbwa anatii kwenye kamba. Asiyekubali akafanye kwake.

Amri nazo. Tunafundisha kwa Kiswahili na majaji hawana shida, sema Kichina ukitaka. Shida ni sisi tulichagua "tafuta" na "tulia", zote zinaanza sawa, na kwenye upepo mbwa anasikia mwanzo tu. Ndo maana mbwa wawili walikuwa wanaambiwa watulie wanachomoka. Kuanzia sasa tulia imekufa, tunasema "ganda". Na "lete" ibaki lete. Mke wangu analalamika kwamba akimwambia mtoto lete viatu anapata viatu viwili na kimoja kina mate.

Jambo lingine la mburuto. Ndege aliyekufa anaburutwa kwenye nyasi kama yadi 200, mbwa anafuata peke yake wewe humuoni, anatakiwa amchukue akuletee. Mazoezini mwezi wa nane mbwa mmoja (mwenyewe anajijua) alimfikia bata, akamtazama, akachimba shimo akamzika, akarudi anatingisha mkia. Tulicheka mpaka basi, lakini mzee wetu kutoka Lamu, ambaye huwa anakaa kwenye kiti chake anakunywa chai haongei, akasema neno ambalo limenikaa. Akasema hili lipo kwenye Suratul Maida, aya ya 4, mnyama mliyemfundisha kuwinda, kuleni anachowakamatia nyinyi. Anachowakamatia nyinyi, sio anachojikamatia yeye. Huyu kajiwekea akiba. Na kweli tofauti yote ya mbwa aliyefundishwa na asiyefundishwa iko hapo, ndege mdomoni ni wa nani. Ndo maana tunahangaika wiki nyingi na kushika na kuachia nyumbani, na kijiti, na dami, na ndege wa friji, kabla ya kwenda nje. Wengi mnaruka hatua hiyo kwa sababu inachosha. Inachosha kweli.

Na kwa kuwa tumegusa dini, ile hoja ya najisi ilirudi tena, mama wa mwenzetu kaja kutoka Tanga miezi mitatu na hataki mbwa aingie ndani, na kwa madhehebu yetu wengi mate ya mbwa yanajulikana hukumu yake. Hatutabishana na mama wa mtu. Tulichofanya wanachama wawili walipokezana kukaa na yule mbwa mpaka mama akasafiri. Utaratibu huu uendelee, anayehitaji aseme mapema tu.

Julai tulikaribia kupoteza mbwa na hili naliandika kwa uzito. Mbwa wa aina ya Kurzhaar wa miaka miwili, mazoezi ya saa nne asubuhi, jua kali na unyevu, alikuwa anakimbia vizuri tu, hakuna aliyestuka. Mimi nilichokiona ni ulimi, ulikuwa umepanuka mwishoni kama koleo na umeiva rangi, halafu akawa anatembea kama amelewa. Tukamlaza kivulini tukammwagia maji tumboni, kwapani na miguuni, mmoja anampepea kwa kofia, tukakimbia naye kwa daktari huku madirisha yote wazi. Joto lake lilikuwa limepita nyuzi 41. Alipona, Mungu mkubwa. Ila saa nne asubuhi Julai sio saa ya mbwa wa kuwinda kukimbia na kosa ni langu, mimi ndo nilichelewesha kuanza nikimsubiri mtu. Kuanzia kiangazi kijacho tunaanza alfajiri, saa tatu kila mbwa yuko garini, na tusimsubiri mtu hata akiwa mwenyekiti. Mwezi wa nane pia angalieni maji ya kijani yanayonuka kama rangi, ule ni mwani wenye sumu, unaua mbwa ndani ya saa chache, hata kunywa kidogo asinywe.

Fedha mweka hazina atawasomea. Kwa kifupi ndege ndo wanatumaliza, na homa ya ndege ilivyopita kwenye mashamba ya jimbo hili bei haijarudi chini. Ada inabaki ile ile, ila anayekuja na mbwa wawili achangie ndege wa mbwa wawili. Mmenielewa.

Sheria, kwa wapya: kwenye ardhi ya umma hapa Minnesota hakuna kufundisha mbwa uwandani kuanzia Aprili 16 mpaka Julai 14, ndege wanatamia, ukitaka muda huo uwe na kibali maalum. Ndo maana tunabembeleza wenye mashamba. Yule bwana anayetupa shamba lake kaomba kitu kimoja tu, tufunge geti. Mara mbili mwaka huu halikufungwa. Ng'ombe wake walifika barabarani. Nilienda kumuomba radhi na sambusa na nikaona aibu kuliko siku ya bata.

Uchaguzi ni Februari na mimi naendelea kama mkitaka, ila nafasi ya katibu iko wazi, huyu wetu amesema basi na ana haki yake.

Jumamosi hii tunakutana kama kawaida, saa moja asubuhi getini. Wenye bata wa msimu kwenye friza waje nao wawili wawili, wasiochunwa, na wawatoe usiku wa kuamkia ili wayeyuke, mara iliyopita tulileta mawe ya barafu yenye mabawa na Shilingi akaniangalia mkono tena.