Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wenye Maboti, Lamu, Mwaka 2023

Assalaam aleykum ndugu wanachama. Wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni.

Taarifa hii ilikuwa isomwe mbele yenu mwezi wa Novemba. Mkutano wa kwanza walikuja watu 14, wa pili 19, na chama kina wanachama 71. Akidi ni nusu. Viti tulikodi mara zote mbili, na mwenye viti hakubali dua. Jioni ya mkutano wa pili nilipita forodhani nikakuta maboti kumi na mawili yamefungwa, wenyewe wako barazani wanakunywa kahawa. Mmoja aliniuliza mkutano umekwendaje. Kwa hivyo taarifa mnaletewa kwenye simu.

Shughuli za kawaida mnazijua: zamu za Mokowe na za uwanja wa ndege wa Manda, usafi wa gati, misiba miwili tuliyochangia, jaketi 20 za kuokolea maisha. Zote zilikwenda vizuri, alhamdulillahi.

Sasa mapipa.

Mwezi wa Agosti kamati, kwa ushauri wangu, ilitoa shilingi 336,000 katika akiba ya chama ikanunua mapipa 8 ya petroli, lita 1,600. Tangu siku hiyo nimeitwa mfanyabiashara, nimeitwa mchoyo, na kuna aliyesema chama sasa ni cha ukoo wangu kwa kuwa mapipa yaliwekwa kwenye bohari ya shemeji yangu. Shemeji hakutoza kodi hata senti. Bohari iko pembeni ya mji, haiko baina ya nyumba. Suala la kibali linashughulikiwa.

Kwa nini niliharakisha? Julai VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwezi huohuo Saudia ilianza kupunguza mapipa milioni moja kwa siku katika mafuta inayochimba. Tangu kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiache kusafisha mafuta mwaka 2013, petroli yetu yote huletwa ikiwa imeshasafishwa ng'ambo, na hulipiwa kwa dola. Dola moja mwanzoni mwa mwaka ilikuwa kama shilingi 123, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imepita 150. Machi serikali ilipatana na kampuni za Saudia na Imarati tuletewe mafuta kwa mkopo wa siku 180, dola zisitafutwe zote kwa mpigo. Ni sawa, lakini anayekopa dukani kwa Mpemba anajua kuwa siku ya kulipa hufika. Mimi sikusoma uchumi. Redio nasikiliza.

Katikati ya Septemba petroli ikavuka shilingi 200 Nairobi, na sisi tuko mwisho wa njia: Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, Mokowe, kisha baharini. Mashine ya farasi arubaini haijui kudanganywa. Bei ikipanda hapa, nauli ya Faza inapanda, unga wa Kizingitini unapanda, na mvuvi anarudi na barafu isiyotosha kwa sababu pesa ya barafu imeingia kwenye tangi. Nchi nzima ni hivyohivyo, ila yenyewe bohari yake kubwa zaidi.

Kuna waliosema uhaba ni maneno ya matajiri. Hao wamesahau foleni za Aprili 2022, wauzaji wakidai serikali pesa za ruzuku na sisi tukibeba madumu matupu. Tena visima huzeeka. Mafuta ya Uingereza katika Bahari ya Kaskazini yalifika kileleni mwaka 1999 na yamekuwa yakishuka. Indonesia ilikuwa muuzaji, mwanachama wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, ikafika kununua zaidi kuliko inavyouza, na mwanzoni mwa 2009 ikajiweka kando. Wazee wanakumbuka 1973, Waarabu walipofunga mafuta: pipa la kama dola 3 likafika karibu 12 katika miezi michache. Na msiniambie habari za Turkana. Mafuta yalionekana huko 2012, tukaahidiwa bomba hadi Lamu. Shehena ya kwanza iliyouzwa ng'ambo, 2019, ilipitia Mombasa.

Hesabu ni hizi. Tuliuza mapipa 7 kwa wanachama, lita kwa shilingi 205. Zilipatikana lita 1,362 badala ya 1,400. Lita 38 ziliruka kwa joto. Petroli haikai kama samli, na aliyesema zilinywewa na boti yangu aje na ushahidi. Jumla ni 279,210, katika hizo 61,000 mlikopa na hamjalipa. Mapipa matupu bado ni mali ya chama.

Pipa la nane liliingia maji. Nalikiri. Fundi aliijaza petroli yake kwenye chupa ya soda, akaiinua juani: juu manjano, chini mstari mweupe wa maji, unene wa kidole. Alikuwa ameshasafisha plagi mara tatu akidhani kosa ni la mashine. Kifuniko hakikukazwa siku ya kupakua. Nilikuwa Malindi siku hiyo.

Ada: waliolipa kamili ni 29, nusu 11, na 31 hawakulipa kitu. Nimetazama majina ya waliolalamika zaidi kuhusu mapipa. Sitayasoma.

Mwakani, inshallah, tutatazama habari ya mashine za umeme, na kuna rai ya kurudisha tanga kwenye maboti ya watalii wakati wa kaskazi. Pia tunatarajia kupata mfadhili. Kamati italizungumza.

Pipa lenye maji bado liko kwa shemeji. Anayetaka ya kuoshea vyuma aje na dumu lake, na risiti ya ada.

Mwenyekiti